Kompyuta Kuukuu na Kinanda: Maswali Yenu Kuhusu MIDI

Barua za safari hii, kutoka Nakuru hadi Busia, karibu zote zinahusu kompyuta iliyotumika, kinanda, na programu ya kupanga nota inayokataa kutii. Kabla ya kujibu, tukumbushane jambo moja ambalo lingewaokolea wengi pesa: MIDI, yaani lugha ambayo kinanda na kompyuta huzungumziana, haibebi sauti. Inabeba maagizo tu, kama vile nota gani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, na imeachiliwa lini. Wimbo wa dakika 4 uliorekodiwa kwa ubora wa CD hula karibu MB 40, ilhali maagizo ya wimbo huohuo hutoshea katika kilobaiti chache. Kwa hiyo mtu akikuambia kompyuta yako ni dhaifu mno kwa MIDI, muulize kwanza sauti itatoka wapi.

Nina kompyuta ya mezani ya Core 2 Duo, RAM GB 2, Windows 7. Kinanda chetu cha kanisa ni cha zamani, chenye matundu mawili ya duara yaliyoandikwa MIDI IN na MIDI OUT. Nataka kuandika sauti nne za kwaya ili waimbaji wajifunze kila mmoja sauti yake. Mashine hii inafaa? Nianzie wapi?
*Mwalimu wa kwaya, Njoro*

Mwalimu, inafaa, na nguvu itabaki. Kinanda chenu kina sauti zake ndani, basi kompyuta itunze nota na kinanda kiimbe. Kwa mgawanyo huo Core 2 Duo haitoki jasho. Balaa huanza pale mtu anapotaka kompyuta hiyohiyo itoe pia sauti za okestra nzima.

Anza na waya. Nunua waya wa USB-MIDI wenye plagi mbili za pini 5. OUT ya kinanda iende kwenye IN ya kompyuta, na OUT ya kompyuta iende kwenye IN ya kinanda. Maandishi kwenye plagi za nyaya hizi hupotosha, kwa sababu watengenezaji wengine huandika jina la tundu la kinanda na wengine huandika upande wa kompyuta. Usibishane nayo. Ukibonyeza kinanda na taa ya waya isiwake, badilisha plagi; hakuna kitakachoungua. Upande wa USB uchomeke moja kwa moja nyuma ya kompyuta, si kwenye habu. Windows 7 huutambua waya wa aina hii bila draiva ya nje, kwa hiyo ile CD ndogo ya kwenye pakiti iache humohumo.

Kwa programu, tunapendekeza Reaper. Faili lake la kusakinisha ni dogo, lina toleo la biti 32, na linakubali Windows za zamani ambazo programu nyingine zimezitupa. Majaribio ni siku 60, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo pakua faili kwenye mashine nyingine, ulilete kwa flashi, na hiyo ya kwaya uiweke mbali na intaneti.

Ukishaifungua, bonyeza Ctrl+P uende kwenye sehemu ya vifaa vya MIDI. Utaona jina la waya mara mbili, upande wa kuingiza na upande wa kutoa. Ruhusu zote mbili. Wengi huruhusu wa kuingiza tu, halafu hushangaa nota zinaonekana kwenye skrini na kinanda kimenyamaza. Funga dirisha hilo, bonyeza Ctrl+T mara nne, na traki nne zitatokea: soprano, alto, tena na besi. Katika kila traki chagua waya wako kama chanzo cha nota. Kisha fungua kitufe cha Route cha traki, na pale palipoandikwa MIDI Hardware Output chagua waya uleule: chaneli 1 kwa soprano, 2 kwa alto, 3 kwa tena, 4 kwa besi. Chaneli 10 usiiguse. Hiyo ni ya ngoma. Unaporekodi kwa Ctrl+R, kitufe chekundu kiwe kimewashwa kwenye traki moja tu. Vikiwaka vyote vinne, soprano itaandikwa mara nne.

Kuhusu kuchagua sauti, kama kinanda kina alama ya General MIDI, kinafuata orodha ya mwaka 1991 ambamo ogani ya kanisa ni namba 20 na sauti za kwaya ni 53. Programu nyingine huhesabu kuanzia 0, hivyo namba hizo husomeka 19 na 52. Ukiomba ogani ya kanisa ukapewa ogani ya roki, umepishana kwa moja tu.

Mkitaka kupeleka wimbo kwenye kinanda cha kanisa jirani kinachosoma flashi, tumieni Export project MIDI na mchague Type 0, yaani traki zote zikiwa zimeunganishwa kuwa moja. Vinanda vingi vya zamani husoma aina hiyo peke yake. Flashi nayo iwe imeumbizwa kwa FAT32.

Kama uko tayari kuachana na Windows, kwa mwalimu wa kwaya tunaona kuna njia bora zaidi: antiX, Linux nyepesi inayoenda vizuri kwenye GB 2, pamoja na Rosegarden. Amri ni `sudo apt install rosegarden lilypond`. Rosegarden hukuonyesha nota kwenye mistari mitano jinsi zinavyoimbwa, na lilypond huandaa kurasa za kuchapisha. Kujua kama kinanda kimeonekana, andika `aconnect -l`. Jina la waya lisipokuwemo, tatizo liko kwenye waya au tundu, si kwenye programu.

Nikibonyeza kinanda changu kidogo cha USB, sauti inakuja baadaye kabisa, utadhani inatoka ng'ambo ya ziwa. Laptopu ni Core i3 ya zamani, RAM GB 4, Windows 10.
*Mwanafunzi, Kondele, Kisumu*

Kinanda chako hakina sauti ndani, hivyo laptopu ndiyo inayoimba. Tunashuku inaimba kupitia Microsoft GS Wavetable Synth, ambayo huja na Windows. Hiyo imetengenezwa kucheza mafaili, si kupigwa kwa vidole, na hakuna mpangilio utakaoiharakisha. Iache.

Badala yake weka vitu vitatu: Reaper, ASIO4ALL ambayo ni draiva ya bure inayoifikia kadi ya sauti kwa njia fupi, na sforzando, kichezea sauti cha bure kinachokubali mafaili ya saundifonti, yaani mkusanyiko wa sauti za vyombo zilizorekodiwa. Katika Reaper, kwenye mipangilio ya Audio Device, badilisha mfumo uwe ASIO kisha chagua ASIO4ALL. Ikionyesha msalaba mwekundu karibu na jina la kadi, kuna programu nyingine imeishikilia kadi hiyo. Mara nyingi ni kivinjari chenye video. Kifunge na ufungue Reaper upya.

Sasa bafa, yaani akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuitoa. Kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1024 huchelewesha sauti kwa milisekunde 23 hivi, 512 kwa 11.6, 256 kwa 5.8, na 128 kwa 2.9. Njia ya sauti yenyewe huongeza kidogo juu ya hapo. Anza na 512 na upige nota nyingi kwa pamoja. Kama ni safi, shuka 256. Ukisikia mikwaruzo, rudi hatua moja na uridhike. Kwa mashine yako, 256 ikikubali ni ushindi; usiifukuzie 128.

Mikwaruzo ikija hata kwenye 512, kosa haliko kwenye programu ya muziki. Mara nyingi draiva ya Wi-Fi huikatiza prosesa kila mara, kwa hiyo zima Wi-Fi na Bluetooth unapopiga. Weka mpango wa umeme kuwa High performance, na ndani yake zima USB selective suspend, la sivyo Windows itajaribu kukilaza kinanda katikati ya wimbo. Laptopu iwe kwenye chaja. Halafu ukae Kisumu mwezi wa pili na feni iliyojaa vumbi: prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe, na mikwaruzo huanza baada ya dakika kumi za kupiga vizuri. Dalili hiyo ya kuchelewa kuanza ndiyo inayoonyesha ni joto. Safisha feni kabla ya kulaumu draiva.

Saundifonti nayo uichague kwa kipimo. TimGM6mb ina karibu MB 6, GeneralUser GS karibu MB 30, FluidR3 zaidi ya MB 140. Kwa GB 4 hata ile kubwa inaingia, lakini ya kati inatosha na inafunguka haraka.

Kila nota inasikika mara mbili, nzito na yenye mwangwi. Kinanda ni kibovu?
*Mpiga kinanda, Vihiga*

Kizima kabisa. Vidole vyako vinakipigia kinanda moja kwa moja, na papo hapo programu inairudisha nota ileile kupitia MIDI IN. Tafuta mpangilio wa Local kwenye menyu ya kinanda uuzime. Kuanzia hapo kinanda kitaimba tu kile kompyuta inachokirudishia. Ukikizima na kukiwasha, vinanda vingi hurudisha Local kuwa wazi, kwa hiyo hilo liwe la kwanza kila mazoezi. Na siku utakapopiga bila kompyuta, ukikuta kinanda kimya, usimwite fundi, washa Local.

Waya wangu wa USB-MIDI niliununua kwa bei nafuu Bungoma. Nikipiga polepole ni sawa, nikipiga nota nyingi zingine hupotea, na wakati mwingine nota moja inaendelea kulia haikomi.
*Msomaji, Bungoma*

Umejipimia mwenyewe bila kujua. Polepole sawa, nyingi zinapotea: bafa ndani ya waya ni ndogo na inafurika. MIDI ya plagi za duara husafiri kwa biti 31,250 kwa sekunde, na nota moja huchukua karibu milisekunde moja. Vidole kumi kwa pamoja ni milisekunde kumi za msongamano. Waya mzuri husubiri, ila ule wa bei ya chini hutupa kinachozidi. Waya ukitupa ujumbe wa kuachilia nota, kinanda hakitajua kidole kimeondoka, na nota hulia mpaka kesho. Kwa dharura, tuma kidhibiti namba 123, yaani zima nota zote. Programu nyingi zina kitufe chake.

Unaweza kuupunguzia waya mzigo. Kwenye kinanda zima utumaji wa saa ya MIDI, ambayo hutuma ujumbe mara 24 kwa kila pigo, na zima mgandamizo wa baada ya nota kama upo. Mara nyingi hilo peke yake hutosha kwa nyimbo za kawaida.

Kuna kasoro nyingine ya nyaya hizo ambayo haionekani. Kanuni za MIDI zinadai kila tundu la IN liwe na kiunganishi cha mwanga, ili umeme wa kompyuta na wa kinanda usigusane. Nyaya nyingi za bei nafuu hazina. Ukisikia mngurumo kwenye spika pale tu unapochomeka waya, ndiyo sababu. Kwa laptopu, jaribu kuondoa chaja. Mngurumo ukikoma, umethibitisha. Hapo hakuna la kurekebisha ila kununua waya wa kampuni inayojulikana.

Nataka kuweka nyatiti ndani ya nyimbo zangu, lakini nyuzi za nyatiti yetu haziendani na kinanda. Nikiandika kwa MIDI inasikika kama ya kuigiza.
*Mwanamuziki, Bondo*

Kinanda kimegawanya oktavu katika sehemu 12 sawa, na nyatiti haikuapa kufuata hesabu hiyo. Zipo njia mbili.

Ya kwanza ni kupinda sauti. Nyatiti ina nyuzi 8. Upindaji huathiri chaneli nzima, kwa hiyo kila uzi upewe chaneli yake, 1 hadi 8. Pima kila uzi kwa programu ya kutyuni ya simu, nayo itakuambia umepungua au kuzidi kwa senti ngapi. Senti 100 ni nusu-toni. Kwa upana wa kawaida wa upindaji, ambao ni toni nzima juu na chini, senti moja ni sawa na hatua 40.96. Uzi uliopungua senti 35 unahitaji -1434. Programu inayohesabu kutoka 0 hadi 16383, ambapo katikati ni 8192, hapo utaandika 6758. Agizo hilo liweke kabla kidogo ya nota ya kwanza ya kila chaneli. Ukiliweka pamoja nayo, nota itaanza vibaya na kuteleza. Kwa sauti, orodha ya General MIDI haina nyatiti. Karibu zaidi ni koto, 108, au banjo, 106.

Karibu zaidi, tumesema, lakini si nyatiti. Ndiyo maana tunakushauri njia ya pili hata kama kompyuta yako ni kuukuu. Rekodi kila uzi peke yake, sekunde 3, mono, biti 16, mahali penye utulivu. Hiyo ni takriban KB 265 kwa uzi, na nyuzi zote 8 hazifiki MB 2.2. Programu ya bure iitwayo Polyphone itazigeuza kuwa saundifonti. Kila uzi ufunge kwenye nota moja tu ya kinanda, usiruhusu Polyphone iutandaze kwenye nota za jirani. Kwa njia hii tyuni ni ile ya chombo chenyewe, na upindaji hauhitajiki. Rekodi uzi kwa nguvu mbili, dhaifu na kali, maana sauti ya uzi uliokwanyuliwa kwa nguvu si ile dhaifu iliyoongezwa tu. Na usisahau gara, yaani njuga za mguuni, na pete ya oduong'o inayogonga ukingo wa chombo. Bila hizo, hata nyuzi safi kabisa zitasikika kama zimetoka maabara. Zipe nota zake kwenye saundifonti ileile.

Nikinyoosha mapigo ya isukuti kwenye kompyuta yanakufa. Yakiwa yamepinda yana uhai, yakinyooka ni kama mashine.
*Mwalimu wa muziki, Kakamega*

Inategemea umenyoosha kwa gridi gani, yaani ile mistari ya muda ambayo nota huvutwa kuielekea. Mdundo unaogawanya pigo kwa tatu ukiwekwa kwenye gridi ya 1/16, kila nota huvutwa mahali ambapo haikuwahi kuwa. Chagua gridi ya 1/8 ya utatu. Ukiwa na hatua 480 kwa pigo, mapigo yataangukia kila hatua 160. Kisha usinyooshe kwa asilimia 100. Jaribu 50 au 60, nota zisogee nusu ya njia na zibaki na mkono wa mtu. Ngoma zenyewe, kubwa, ya kati na ndogo, kwa kuanzia ziweke kwenye nota 64, 63 na 60 za chaneli 10, ambazo ni konga mbili na bongo. Ni za muda tu. UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2014, nawe unaishi jirani na wapigaji wenyewe. Rekodi ngoma zao kama tulivyomweleza msomaji wa Bondo.

Windows XP yangu ilikuwa ikiona kinanda, sasa haioni tena. Nimebadilisha tundu la USB kila upande, hakuna.
*Msomaji, Mumias*

Kubadilisha tundu ndiko kulikoleta shida. XP huhesabu kila tundu kama kifaa kipya cha MIDI, na ina nafasi 10 tu. Zikijaa, kifaa kinachofuata huonekana kimesakinishwa lakini programu haikipati. Fungua dirisha la amri, andika `set devmgr_show_nonpresent_devices=1`, ubonyeze Enter, kisha hapohapo `devmgmt.msc`. Kwenye menyu ya View chagua kuonyesha vifaa vilivyofichwa, na chini ya Sound, video and game controllers futa vile vya MIDI vilivyofifia. Visivyofifia usiviguse. Washa upya, chagua tundu moja, na usilihame.

Kila nikijaribu kusakinisha programu kwenye Linux, inakataa na kusema faili bado si halali. Intaneti ipo.
*Msomaji, Busia*

Tazama tarehe ya kompyuta. Tuna hakika inasema mwaka uliopita zamani. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao imeisha, hivyo kila stima ikipotea saa hurudi nyuma, na apt, kisakinishi cha programu cha Linux, hukataa faili lililotiwa sahihi katika siku ambayo kwa saa yako haijafika. Kivinjari nacho hukataa tovuti salama kwa sababu hiyohiyo. Rekebisha tarehe uendelee na kazi leo. Betri ubadilishe ukipata nafasi, kompyuta ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa ukutani. Ukishaibadilisha, ingia kwenye BIOS uthibitishe kuwa inawaka kutoka diski ileile, maana mipangilio hiyo nayo hupotea betri inapokufa.